Ndugu yako akikamatwa: njia ya kesi ya jinai kutoka kituoni hadi rufaa

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, mara nikisubiri kesi za watu wangu, mara nikiwasaidia wengine kuandika barua na kufuatilia tarehe. Kinachoniuma zaidi ni kuona familia imeshindwa kesi bila kujua imeshindwa siku gani. Wanalia siku ya hukumu, kumbe mambo yaliharibika miezi mingi nyuma: usiku ule wa kwanza kituoni, au siku ile shahidi wa pili aliposhuka kizimbani bila kuulizwa swali hata moja.

Haya ninayoandika ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria yake ya mwenendo wa jinai, ingawa juu kabisa pande zote mbili zinakutana Mahakama ya Rufani. Sitataja namba za vifungu kwa makusudi. Sheria zetu zimefanyiwa urekebu, na toleo la 2023 limepanga upya namba nyingi, kwa hiyo namba uliyosikia kwa jirani inaweza kukuaibisha mbele ya hakimu. Sheria za kutafuta ni mbili: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayosema kesi inakwendaje, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yenye makosa mengi na adhabu zake.

Kabla ya yote, nunua daftari. Mtu mmoja katika familia alishike, na kila tarehe, saa, jina la afisa na namba ya kesi viingie humo. Utaona huko mbele kwa nini.

Hatua ya kwanza: kituoni

Andika saa aliyokamatwa. Si saa mliyopata habari, saa aliyowekwa chini ya ulinzi. Kuanzia hapo polisi wana saa 4 za kumhoji. Wakihitaji zaidi, afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nyingine 8, na zaidi ya hapo ni lazima waombe kwa hakimu. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Watu hudhani haya ni mambo ya vitabuni tu, lakini mara nyingi Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye kumbukumbu maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu, na kesi iliyokuwa imeyaegemea ikaanguka.

Maelezo ya onyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote za usiku ule. Mtuhumiwa anatakiwa kuambiwa anatuhumiwa kwa kosa gani, na kwamba anachosema kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Halazimiki kujibu zaidi ya kutaja jina na makazi yake. Ana haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Ukibahatika kuongea naye, mwambie jambo moja kwa utulivu: asisaini asichosomewa wala asichokielewa. Wapo waliosaini kwa kuambiwa "saini hapa uende nyumbani", na karatasi hiyohiyo ikawarudia kizimbani kama ungamo.

Kama amepigwa, aombe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Akifikishwa mahakamani, amweleze hakimu siku ileile ya kwanza, amwonyeshe na majeraha, ili iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu. Kovu linaloonyeshwa baada ya mwaka mmoja halina uzito uleule.

Polisi wakija kupekua nyumbani, mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, mashahidi wasaini, na mpewe risiti. Angalieni vizuri idadi na alama: simu ina namba gani, pikipiki ina chesisi gani. Baadaye swali kubwa mahakamani litakuwa kama kitu kilicholetwa pale ndicho kilichotoka nyumbani kwenu, na kimepita mikononi mwa nani.

Je, atakaa ndani hadi lini? Kanuni ni saa 24. Isipowezekana kumfikisha mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Na hata likiwa zito, apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Dhamana ya polisi ni bure. Anayekuomba "hela ya karatasi" au "hela ya mafuta" anakuomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Hatua ya pili: jua uko mahakama gani

Makosa madogo kama wizi mdogo, matusi au shambulio la kawaida huanzia Mahakama ya Mwanzo. Makosa makubwa zaidi, kama unyang'anyi wa kutumia silaha au ubakaji, huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na hapo anayeshtaki ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kupitia mawakili wa Serikali, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye watu wote wanamwita DPP. Mauaji na uhaini husikilizwa Mahakama Kuu. Aliye chini ya miaka 18 anatakiwa Mahakama ya Watoto, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kitafuteni siku ya kwanza, msisubiri kuulizwa.

Mwombe karani namba ya kesi. Bila namba hutasaidiwa na mtu yeyote pale.

Hatua ya tatu: kusomewa mashtaka

Askari atapaza sauti "Koooti!", wote mtasimama, hakimu ataingia. Ndugu yako huenda ameletwa kwa karandinga tangu asubuhi, hajala, na amechanganyikiwa. Atasomewa hati ya mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo hana sababu ya kunyamazia asichokielewa. Aseme tu: "Mheshimiwa, sijaelewa shtaka, naomba nisomewe tena."

Hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Mtu anakiri ili yaishe arudi kwa watoto wake. Akisema ni kweli, wakili wa Serikali anasoma maelezo ya kosa, naye anaulizwa tena kama anayakubali. Akiyakubali, anatiwa hatiani papo hapo. Baada ya hapo rufaa yake, kwa kawaida, itabaki kwenye ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Ukumbuke kwamba ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha vina adhabu isiyopungua miaka 30. Kama kweli ametenda na anataka kukiri, tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati yake na upande wa mashtaka. Hayo yanafanywa na wakili akiwepo, kwa maandishi, si kwa kunong'onezwa kwenye korido.

Kwa kesi ya mauaji utasikia hakimu akimwambia asijibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza. Msishtuke. Shauri linatajwa pale hadi upelelezi ukamilike, kisha linahamishiwa Mahakama Kuu.

Hatua ya nne: dhamana

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona machozi mengi yasiyo ya lazima.

Mama mmoja muuza mihogo alikuja siku ya pili ya kesi ya mwanawe akiwa amefunga fedha kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ameuza kitanda na cherehani, na alikuwa bado hajafika hata laki 6. Alisikia jana yake kwamba dhamana ni "wadhamini wawili watakaosaini bondi ya shilingi milioni 2 kila mmoja", akaelewa kwamba anatakiwa kuleta milioni 4. Hakuna aliyemweleza. Bondi ni ahadi unayosaini: mdhamini anajifunga kwamba mshtakiwa asipofika mahakamani, yeye atalipa kiasi hicho. Siku ya kusaini hatoi hata senti. Mwanawe alikuwa amelala mahabusu usiku mzima kwa neno moja lisiloelezwa.

Basi sikiliza kwa makini masharti yanapotajwa, na kama hukusikia, mfuate karani. Kwa kawaida wadhamini wanatakiwa kuwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho, siku hizi zaidi cha NIDA. Nendeni na wadhamini siku ileile ya kwanza, na barua zikiwa tayari mkononi. Karandinga likishaondoka jioni, dhamana inangoja hadi kesho, na ikiwa ni Ijumaa, hadi Jumatatu. Wakati mwingine mahakama hutaka mdhamini awe mtumishi wa umma au awe na hati ya mali isiyohamishika. Masharti yakiwazidi, msikae kimya. Ombeni yapunguzwe, na mkikataliwa, suala la dhamana linaweza kupelekwa Mahakama Kuu.

Kuna fedha taslimu zinazotakiwa kwelikweli: kosa likihusu mali au fedha inayozidi shilingi milioni 10, sheria inataka mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani, taslimu au kwa mali. Na yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Kifungu hicho kilipingwa mahakamani kwamba kinakiuka Katiba, na Mahakama Kuu ikakubali. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, kifungu kikabaki. Mimi naona bado ni kidonda, kwa sababu Katiba yenyewe, ibara ya 13, inasema mtu asichukuliwe kuwa na hatia mpaka ithibitike, na aliyekaa gereza la Segerea au Keko miaka mitatu kisha akaachiwa huru, hakuna wa kumrudishia miaka ile. Lakini ndiyo sheria ilivyo leo, na familia inatakiwa kujipanga kwa kuijua.

Nawe unayeombwa kudhamini, fikiri. Akitoroka, mahakama itakudai wewe.

Hatua ya tano: "upelelezi haujakamilika"

Utaisikia sentensi hii mpaka uiote. Mshtakiwa aliye mahabusu huletwa takribani kila siku 14, shauri linatajwa, linaahirishwa. Siku ya kutajwa siyo siku ya kusikilizwa, mashahidi hawahitajiki, ila mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima afike hata kama anajua litaahirishwa. Akikosa bila taarifa, hati ya kumkamata hutolewa na dhamana inaweza kufutwa.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa ili kesi zisifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Kwa hiyo kama kosa ni la kawaida na bado mnaambiwa upelelezi unaendelea, mshtakiwa ana haki ya kusimama na kuuliza, kwa heshima, kwa nini yupo pale. Hakimu anaandika kila kinachosemwa, na kilichoandikwa kinabaki.

Ipo siku mnaweza kusikia DPP hana nia ya kuendelea na shauri, au hati imeondolewa. Familia hupiga vigelegele, kisha mtu wao anakamatwa tena kabla hajafika geti. Kuondolewa mashtaka na kuachiwa huru ni vitu viwili tofauti. Aliyeondolewa mashtaka anaweza kushtakiwa upya, lakini aliyeachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo, isipokuwa upande wa mashtaka ukate rufaa na kushinda.

Hatua ya sita: usikilizwaji wa awali

Upelelezi ukikamilika, wakili wa Serikali anasoma maelezo ya kesi na mshtakiwa anasema lipi anakubali na lipi anakataa. Anachokikubali hapo kinahesabika kuwa kimethibitishwa. Akubali jina lake, umri, kukamatwa kwake, na yale ya kweli. Kama siku ya tukio alikuwa mahali pengine, hapa ndipo pa kutoa taarifa kwamba atajitetea hivyo, kwa sababu utetezi huo ukiibuka mwishoni mahakama inaweza usiupe uzito.

Hatua ya saba: ushahidi wa Jamhuri

Kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na mzigo wote wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakutenda. Ila ana kazi ya kuuliza maswali.

Nimemwona kijana wa miaka ishirini na kitu, ametuhumiwa unyang'anyi wa usiku. Shahidi akasema: "Nilimtambua, ni yeye huyu." Hakimu akamgeukia mshtakiwa: una swali? Akasema, "Sina, Mheshimiwa." Shahidi akashuka. Nilitamani kupiga kelele. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo muhimu, unachukuliwa kuwa umelikubali. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1980, utambuzi wa usiku hauaminiwi hivihivi. Mahakama inataka kujua shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa nini na mkali kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. Yule kijana angeuliza tu: Taa ilikuwa ya nini? Ilikuwa wapi, na mimi nilikuwa wapi? Ulipoenda polisi uliwatajia jina langu, au mavazi yangu? Kwa nini hukunitaja siku ileile? Maswali manne mafupi, hayahitaji shahada.

Ili aulize vizuri, aombe nakala ya maelezo ya mlalamikaji na mashahidi waliyoandika polisi. Shahidi aliyesema tochi kituoni na mbalamwezi mahakamani ameshajiharibia mwenyewe. Muandikie maswali kwenye karatasi usiku wa kabla ya kesi.

Kielelezo, yaani kitu au karatasi ya ushahidi, kikiletwa, hakimu atamuuliza mshtakiwa kama anapinga kipokelewe. Hili swali linapita haraka, na wengi hujibu "sipingi" bila kujua. Kama maelezo ya onyo yalipatikana kwa kipigo, au hakuyaandika yeye, wakati wa kusema ni huo huo, kabla hayajapokelewa. Mahakama itasikiliza kwanza pingamizi lile, ndiyo kesi ndani ya kesi wanayoisema mawakili. Kulalamika kwenye rufaa kwamba nilipigwa, wakati siku ile ulikaa kimya, huwa ni kuchelewa. Na karatasi yoyote ikishapokelewa inatakiwa isomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo.

Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa mshtakiwa asiye na kipato nafasi ya kusaidiwa, na kwa kesi za mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili. Yapo pia mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA. Nendeni mapema, mkiwa na nakala ya hati ya mashtaka.

Neno kwa aliyetendewa kosa: wewe ni shahidi, kesi si yako tena. Kusema "nimemsamehe" hakuifuti, ingawa kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuwapatanisha. Ukipata hati ya wito, nenda. Kesi nyingi za watoto waliobakwa zimekufa kwa sababu familia zilimalizana nyumbani na shahidi akafichwa kwa shangazi mkoani. Huo si upatanisho, ni kumuuza mtoto.

Hatua ya nane: kesi ya kujibu, utetezi, hukumu

Jamhuri ikifunga ushahidi, hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa haipo, mshtakiwa anaachiwa huru hapohapo. Ikiwepo, anaelezwa haki zake: kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi na kuleta vielelezo. Anaweza hata kukaa kimya, ila mahakama inaweza kulitazama hilo kwa jicho baya. Mashahidi wake waandaliwe mapema, na wakiwa wagumu kufika aombe mahakama iwaandikie wito.

Hukumu inatakiwa isomwe ndani ya siku 90 tangu kesi kumalizika. Akitiwa hatiani ataulizwa ana la kusema kabla ya adhabu. Aseme yanayogusika: ni kosa la kwanza, umri, ugonjwa, wanaomtegemea, muda aliokwisha kukaa mahabusu.

Hatua ya tisa: rufaa

Msiondoke pale mahakamani mkilia tu. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe yenye sababu ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni ndani ya siku 30. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na wengi wameshinda hivyo, wakiandika sababu kwa mkono wao wenyewe. Mkichelewa, ombeni kuongezewa muda, lakini mtatakiwa kueleza sababu ya kila siku iliyopotea.

Sababu za rufaa zinachotwa kwenye mwenendo wa kesi: shahidi fulani alisema nini, kielelezo gani hakikusomwa, utambuzi ulikuwaje. Kwa hiyo siku ileile ya hukumu mwandikieni hakimu barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo, na nakala ya barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri, someni hukumu za kesi zinazofanana kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure. Nakala zenu zikitoka, mwombeni karani agonge tarehe ya siku mlipozichukua, muiandike na kwenye daftari: muda mliokuwa mnazisubiri hauhesabiwi kwenye zile siku 45, na mihuri hiyo miwili ndiyo itakayoonyesha ni siku ngapi.